Kuoga Korongoni Bila Nguo na Bila Kuvunja Staha: Mwongozo kwa Mgeni wa Dodoma

Mwezi wa tatu, mvua ikipumzika siku mbili tatu, tope lote huwa limeshapita na korongo hubaki na mkondo mwembamba wa maji maangavu juu ya mchanga, ya kufika kwenye kifundo cha mguu, pengine magotini. Ukingo mmoja una mikuyu, wa pili una migunga yenye miiba mirefu. Kwenye kona, pale ambapo aliye njiani haoni, kuna watu wanaoga. Hawana nguo. Kwao si ajabu, wala kwa baba zao haikuwa ajabu.

Nimekulia kwenye mchanga wa namna hiyo, kusini mwa Dodoma, na kila mwaka nikipata nafasi narudi. Tangu serikali ilipohamia huku, na zaidi tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, nimekuwa nikiulizwa na wafanyakazi wenzangu na wageni wao: pako wapi mahali pa mchanga, pa kimya, mtu akaoga kama alivyozaliwa bila kusumbuliwa? Mahali papo. Lakini pana wenyewe, na pana taratibu ambazo hazijaandikwa kwenye kibao chochote. Nitaziandika hapa kwa kadiri ninavyozijua.

Jua kwanza unakwenda mahali pa namna gani

Wapo wenzetu nje ambao kukaa uchi ufukweni wamekufanya utamaduni kamili. Wajerumani wanauita FKK. Ufaransa kuna mji wa Cap d'Agde wenye eneo zima la watu wasiovaa nguo, na huko Cape Town kuna ufukwe wa Sandy Bay ambao hufikiwa kwa kutembea kwa miguu kutoka Llandudno. Wana miiko yao: hupigi picha, hukodolei mtu macho, na ukikaa mahali pa wote unatandika taulo lako kwanza. Ni miiko mizuri, na mtu anayeifuata hatapata shida kubwa kuielewa ya kwetu.

Tofauti iko hapa. Kwao wanaume na wanawake hukaa pamoja, na uchi wenyewe ndio shabaha ya safari. Korongoni kwetu watu wamekwenda kuoga. Wanaume wana upande wao, wanawake wana wao, na kati yao pana kona ya korongo, kichaka, au saa. Ukiwachanganya, hata kama mmekuja mke na mume, umeshavunja kile kinachofanya uchi huo uwe na heshima. Kwa hiyo mke na mume watakaofuata mwongozo huu wajiandae kuachana kwa saa moja.

Sheria nayo ijulikane. Tanzania haina ufukwe hata mmoja uliotengwa kisheria kwa watu wasiovaa nguo, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu vitendo vya aibu hadharani. Anayeoga mahali palipojificha, panapotambuliwa na kijiji kuwa pa kuogea, hana ugomvi na mtu. Anayeota jua uchi kando ya daraja au akapita hivyo kwenye njia ya ng'ombe amejitafutia kesi, na mimi sitamtetea.

Hatua ya kwanza: chagua maji na majira

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600 hivi. Mito yake mingi ni ya mchanga: inatiririka siku chache baada ya mvua, kisha maji yanazama chini na juu hubaki mchanga mtupu. Bubu inayoteremkia bwawa la Bahi ina tabia hiyo, Kinyasungwe inayoelekea Mpwapwa vilevile, na makorongo madogo yasiyo na majina kwenye ramani ni mengi kuliko mtu awezavyo kuyahesabu.

Wakati mzuri kuliko wote ni katikati ya Machi hadi mwanzo wa Mei. Januari mito ina hasira na maji ni mekundu. Juni na Julai asubuhi hapakaliki kwa baridi na upepo. Ukienda, nenda saa tisa alasiri mchanga ukiwa umeshika joto. Kuanzia Agosti hakuna maji juu, na kuoga kunakuwa kwa kata na ndoo kutoka kwenye visima vya mchangani, jambo lenye taratibu zake ambazo nitazieleza.

Makorongo ya karibu na mji siyapendekezi tena. Mengi yamechimbwa mchanga wa ujenzi, na malori yameacha mashimo. Mvua ikinyesha shimo hujaa, maji ya juu yakaonekana ya magotini kumbe chini pana kina cha kumzamisha mtu mzima. Toka kilomita 30 au zaidi. Barabara ya Iringa ikishapita Mlowa Barabarani ina makorongo mazuri pande zote mbili. Barabara ya Kondoa, safari ya kama kilomita 160 hadi Kondoa mjini, ina mito ya mchanga mipana kuliko yote niliyowahi kuiona mkoani, kwa sababu milima ya huko ilimomonyoka vibaya mno. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee wanauita HADO, ulianza mwaka 1973 kwa ajili ya ardhi hiyo hiyo.

Watu huniuliza kuhusu mabwawa na maziwa. Mtera, kwenye mpaka wa Dodoma na Iringa, ina fukwe za mchanga ndefu na za kimya kweli maji yanapopungua. Bwawa hilo la Ruaha Mkuu lilijengwa kwa ajili ya umeme, na lina mamba na viboko. Usiogelee Mtera. Nasema hivyo bila kuongeza "labda". Ukitaka kuoga huko, kwenye mwalo wa wavuvi omba akutekee mtu anayeyajua maji, ubebe ndoo yako hatua 40 kutoka ukingoni, uogee mchangani. Hombolo, bwawa la mwaka 1957, maji yake yametulia, na maji yaliyotulia yenye majani ndiyo konokono wa kichocho wanayoyapenda. Maziwa ya Singidani na Kindai yako kando ya mji wa Singida. Maji yake ni ya chumvi, mawe yake yanavutia, ndege wake, korongo na heroe, wanapendeza kuwatazama, lakini faragha hakuna. Huko vaa.

Hatua ya pili: omba kabla hujashuka

Hii ndiyo hatua ambayo wageni huiruka, na karibu kila ugomvi nilioushuhudia ulianzia hapa.

Ukifika kijijini usiende moja kwa moja korongoni. Tafuta nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, au mzee yeyote aliyekaa kivulini karibu na njia ya kushukia. Simamisha pikipiki mbali kidogo, vua kofia, salimia. Ugogoni ukisema "Mbukwa" umeshafungua mlango. Wakiwa wengi sema "Mbukwenyi". Kwa mzee ongeza shikamoo yako. Usianze na shida. Jibu kwanza umetoka wapi, watu wa kwako hawajambo, mvua huko imenyesha vipi. Kisha sema wazi:

"Babu, tunaomba kuoga korongoni kwenu. Wanaume wanaogea wapi, na saa hizi kuna watu?"

Swali hilo moja hukupa majibu matatu: upande wako, saa yako, na idhini. Mzee atakwambia, kwa mfano, wanaume ni kule chini penye mkuyu ulioanguka, huku juu ni kwa kina mama, na kile kisima chenye miiba msikiguse. Yashike maneno hayo kama yalivyo. Kama mmekuja na mwanamke, yeye aulize kwa mama wa nyumba, si kwa mzee. Atapewa na mtu wa kumsindikiza, na hiyo ni bahati kubwa kwa sababu atakuwa ameoga na wenyeji.

Pesa haiombwi. Kilo ya sukari au kipande cha sabuni wakati wa kuaga kinapokelewa kwa furaha. Ukianza kwa kutoa noti, unageuza idhini kuwa biashara, na wanaokuja baada yako ndio watakaolipa.

Ukikataliwa, shukuru uondoke. Inawezekana kuna msiba, kuna jando, au juzi pametokea jambo. Huna haja ya kuelezwa.

Hatua ya tatu: mzigo

Beba vichache. Kitenge au kikoi kipana cha kujifunga kabla na baada ya kuoga, maana hakuna anayetembea uchi kati ya mahali pa kuvulia na maji, hata kama ni hatua kumi. Taulo la kukalia na lingine la kujifutia. Ndala ngumu, si zile laini, kwa sababu mwiba wa mgunga huzipenya. Ndoo ndogo na kopo. Dodoki na kipande cha sabuni kwenye kikopo. Maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu. Usitegemee kunywa ya korongoni. Kofia, na mafuta ya kukinga jua kwa mwenye ngozi inayoungua: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchanga hulirudisha jua usoni.

Simu ibaki kwenye begi, imezimwa. Najua unachotaka kusema, kwamba mandhari ni nzuri. Niliwahi kwenda na wenzangu wawili, mmoja akainua simu apige picha ya mawe na mchanga kabla hatujavua. Nyuma ya kona kulikuwa na kina mama wanafua, na mmoja aliuona mkono wake juu. Tulipopanda ukingo tulikuta vijana sita wamesimama kando ya pikipiki yetu. Tulipelekwa kwa mwenyekiti, mwenzangu akaifungua picha ile mbele ya watu wote, na kweli haikuwa na mtu. Mwenyekiti akasema, "Mama hakuona picha. Ameona simu." Tuliomba radhi kwa yule mama, na ilikuwa haki yake. Pamoja na aibu, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtu akiwa uchi ikisambaa, aliyeisambaza yuko pabaya.

Hatua ya nne: hodi ya korongoni

Unaposhuka, usinyate. Ongea kwa sauti, kohoa, buruza ndala. Ukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya maji, simama upige hodi kama unavyopiga mlangoni. Wakijibu "Tupo!" au "Kuna watu!" kwa sauti za upande usio wako, kaa hapo hapo ulipo, geuza mgongo, subiri. Wakiwa ni wa upande wako watakuita. Kukiwa kimya, piga tena, hesabu hadi kumi, ndipo uingie.

Wewe nawe ukiwa unaoga ukasikia hodi, jibu mara moja. Kunyamaza ni kumtega mwenzako. Na watoto au wachungaji wakitokea na mifugo, jifunge kitenge hadi wapite, bila kuwakemea. Wao hawakukuingilia, njia ya ng'ombe ilikuwepo kabla yako.

Hatua ya tano: soma mchanga kabla hujavua

Weka mzigo juu, kwenye ukingo, juu ya mstari wa takataka. Mstari huo ni ule wa vijiti, majani makavu na mavi ya ng'ombe yaliyoachwa na maji ya mwisho; unaonyesha mto ulifika wapi. Wageni huacha nguo na viatu katikati ya mchanga kwa sababu panapendeza. Mto wa mchanga hauleti taarifa. Mvua inaweza kunyesha milimani kilomita nyingi kutoka ulipo, juu yako jua likiwaka, na maji yakaja yote kwa pamoja, kahawia, yamebeba magogo. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 mafuriko yaliibomoa reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mto unaong'oa reli hautakuonea huruma wewe na ndoo yako.

Kwa hiyo kila baada ya dakika chache tazama juu ya mto. Maji yaliyokuwa maangavu yakibadilika rangi, yakianza kuleta povu na vijiti, au ukisikia mngurumo kama lori linalopanda mlima mahali pasipo na barabara, toka. Usifuate sabuni wala nguo. Panda ukingo ulioko karibu nawe, hata kama si ule wenye nguo zako, hata kama ng'ambo hiyo ni ya kina mama. Hapo hakuna atakayekulaumu. Piga kelele tu kwamba mto umekuja, nao wapate kutoka. Ndiyo maana kama unaona wingu jeusi upande wa mlima, safari ya siku hiyo imekwisha.

Kisha ukague mchanga wenyewe. Baada ya mafuriko kuna sehemu ambazo maji yamejaa chini ya mchanga na uso umekauka kidogo. Ukikanyaga mguu unazama hadi gotini. Pita palipo na nyayo za ng'ombe, kwani ng'ombe amekwisha kupima uzito. Kung'uta mawe kabla ya kukaa, maana nge hupenda ubichi wa chini yake. Kwenye maji ya kina kikubwa, na kokote kuelekea Mtera na mto Kisigo, tafuta alama ya tumbo la mamba: mfereji laini wenye nyayo pande zote mbili. Ukiuona, ondoka.

Hatua ya sita: kuoga

Chagua maji yanayotembea juu ya mchanga mtupu, ya chini ya magoti. Epuka vidimbwi vilivyobaki pembeni vyenye majani na ukijani. Humo ndimo kichocho kilimo: vijidudu vyake hutoka kwa konokono, zaidi katikati ya mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kujifuta kwa nguvu na taulo hakukuponyi.

Ingia na ndoo, chota, toka hatua kadhaa, jisugue mchangani. Sabuni haiingii mtoni. Hapo chini kuna mtu anayechota maji ya kunywa, na povu lako litamfikia. Ukishajisugua, jimwagie hapo hapo mbali na mkondo, mchanga utayanywa. Ndipo urudi majini ukalale chali kwenye kina cha kiganja, maji yakikupita mgongoni. Mimi hufumba macho. Sijapata kitanda kinachonipumzisha kuliko hicho, wala sauti inayonituliza kuliko ile ya chembe za mchanga zikitembea chini ya sikio langu.

Wengine wakiwepo, salimianeni machoni na usoni. Mazungumzo ya korongoni ni ya kawaida: bei ya zabibu, uwele ulivyokubali mwaka huu, nani amefiwa. Maumbile ya mwenzako, makovu yake, unene wake, havizungumzwi pale wala baadaye. Kijana akimkuta mzee anaoga, humpisha sehemu ya juu ya mkondo, yeye akaoga chini yake. Mzee akikuomba umsugue mgongo, chukua dodoki umsugue, ni kukukaribisha.

Wakati wa kiangazi mambo hubadilika. Kisima cha mchangani kimechimbwa kwa jasho la mtu, na ile miiba iliyokizunguka ni mlango wake. Hakiingiwi na miguu, hakiogewi ndani, hakichotwi kwa ndoo yenye sabuni. Mara nyingi visima vimepangwa: cha juu ni cha kunywa watu, kinachofuata kina birika la mifugo, cha chini ni cha kufulia na kuogea. Omba kata kwa mwenye kisima cha chini, chota unachohitaji, ndoo moja inatosha kabisa mtu mmoja, nenda upande wa chini hatua 30 hivi ndipo uoge. Ukimaliza rudisha miiba kama ulivyoikuta. Ukiiacha wazi, ng'ombe wa usiku huo watakibomoa.

Hatua ya saba: kutoka

Jikaushe, kung'uta nguo kabla ya kuvaa, kagua viatu. Okota kila kitu, pamoja na karatasi ya sabuni. Usiwashe moto chini ya mikuyu. Usichongelee jina kwenye mbuyu. Ondokeni kabla ya saa kumi na mbili jioni. Giza la korongoni huja mapema kwa sababu ya kingo.

Pitia kwa yule mzee uliyemwomba. "Babu, tumetoka, tunashukuru." Usipopita, atatuma kijana kuwatazama kama mmezama.

Kama maji yalikuwa yametulia, au ulilazimika kupita kwenye vidimbwi, weka alama kwenye kalenda yako wiki sita hadi nane mbele, uende zahanati ukapime kichocho, hata kama hujisikii vibaya. Mwasho wa ngozi siku ile ile, homa baada ya wiki chache, au damu kwenye mkojo ni sababu ya kwenda mapema zaidi. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo hutolewa kwa kufuata uzito wako, kwa hiyo usinunue tu dukani ukajikadiria. Sampuli ya mkojo ipeleke kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa huo ndio wakati ambao mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi. Ukienda saa moja asubuhi ukaambiwa huna, huenda hayakuonekana tu.